Bertha Benz, mama wa kwanza kubaki njiani na gari

Mtu yeyote anayetembea Nguba asubuhi anaijua ile picha. Taksi-bisi imejaa watu, inapandisha kilima, na katikati ya mlima moteri inakohoa mara mbili tatu, inazimika. Konvoyeri anaruka chini na jiwe mkononi, analitia nyuma ya gurudumu. Shofere anazungusha ufunguo, inawaka, inatembea kidogo, inazimika tena. Abiria wanashuka, wengine wanadai pesa yao irudishwe, na kila aliyesimama kando ya barabara amekwisha kuwa mekanisie: huyu anasema ni batri, yule ni pompu, mwingine anasema gari imezeeka iuzwe vyuma.

Leo tunawaletea maisha ya mama mmoja ambaye mambo hayo yalimpata kabla ya watu wengine wote. Ilikuwa mwaka wa 1888. Hakukuwa garaji, hakukuwa mahali pa kununua esanse, hakukuwa hata mtu mmoja wa kuuliza, kwa sababu mtu pekee aliyeijua ile mashine vizuri alikuwa amelala nyumbani, na yule mama alitoka bila kumwambia. Jina lake ni Bertha Benz. Hilo jina la Benz tunaliona kila siku kwenye malori na kwenye gari za wakubwa, lakini wengi wakilisikia wanafikiri bwana tu.

Bertha Ringer alizaliwa tarehe 3 mwezi wa 5, mwaka 1849, katika mji wa Pforzheim, kusini-magharibi ya Ujerumani. Baba yake alikuwa fundi seremala na mjenzi aliyepata mali. Watoto walikuwa 9, yeye alikuwa wa tatu. Inasimuliwa kwamba siku moja akiwa bado mdogo alifungua Biblia ya familia, pale baba alipoandika kuzaliwa kwa kila mtoto, akakuta kwamba alipozaliwa yeye baba aliandika kwa masikitiko kuwa ni msichana tena. Hapa kwetu wababa wengi hawaandiki, lakini wanasema, na watoto wanasikia.

Yule msichana alipenda kujua namna mashine zinavyotumika. Tarehe 27 mwezi wa 6, 1869, kwenye matembezi ya chama kimoja kwenda kwenye monasteri ya zamani ya Maulbronn, alikutana na kijana aliyeitwa Karl Benz. Karl alikuwa mtoto wa mwendesha treni aliyekufa mapema, mama yake akamsomesha kwa shida. Hakuwa na pesa. Alikuwa na wazo moja tu kichwani: gari itakayotembea bila farasi.

Mwaka 1871 Karl alifungua karakana Mannheim pamoja na mwenzake, August Ritter. Yule Ritter hakuwa mtu wa kutegemewa, na kazi ikataka kuanguka. Hapo Bertha, ambaye bado hawajaoana, aliomba mali yake ya ndoa itolewe mapema. Tufahamiane: kwetu ng'ombe zinatoka kwa mwanaume kwenda kwa wakwe, lakini kwao wakati ule baba wa binti ndiye aliyetoa mali. Bertha akatia pesa hiyo katika karakana, Ritter akalipwa akaondoka. Tarehe 20 mwezi wa 7, 1872, wakafunga ndoa. Na siku ile ile alipoolewa, kwa sheria ya kule, alipoteza haki ya kujisemea juu ya pesa yake katika kazi ya bwana. Pesa ilikuwa yake, karatasi zikawa za Karl.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya njaa kabisa. Watoto walianza kuja: Eugen mwaka 1873, Richard 1874, halafu wasichana. Mwaka 1877 deni liliwashinda. Karl akaendelea kushindana na moteri moja ambayo haikutaka kuwaka. Usiku wa kufunga mwaka 1879, baada ya chakula, Bertha ndiye aliyemsukuma bwana warudi karakana wajaribu mara moja tena. Wakajaribu. Ikawaka, na ikaendelea kulia karibu saa nzima bila kuzimika, wao wawili wamesimama wanaisikiliza.

Mwaka 1883 Karl na wenzake wawili walianzisha kampuni ya Benz & Cie. Tarehe 29 mwezi wa 1, 1886, akaandikisha gari yake serikalini na kupewa hati ya uvumbuzi nambari 37435. Ilikuwa na magurudumu matatu, silinda moja nyuma, na nguvu isiyofika hata ya farasi mmoja. Kila piki-piki inayopita hapa Nguba inaishinda nguvu mara nyingi.

Lakini hakuna aliyenunua. Watu walikuja kutazama, wengine kwa kucheka, wengine kwa woga. Gari ilitembea mitaani Mannheim, ikizimika wanaisukuma, watoto wanakimbia nyuma. Karl alikuwa fundi mkubwa lakini mtu wa haya: kila siku aliona kitu kingine cha kurekebisha kabla ya kuitoa mbele ya watu. Bertha aliona jambo ambalo bwana hakuliona. Gari isiyojulikana kama inaweza kutoka mji mmoja hadi mwingine haiwezi kuuzwa, hata kama ni nzuri namna gani.

Basi asubuhi moja, mwanzoni mwa mwezi wa 8 mwaka 1888, Karl akiwa bado usingizini, Bertha aliwaamsha Eugen wa miaka 15 na Richard wa 13. Waliisukuma gari mpaka mbali kidogo na nyumba ndipo wakaiwasha, juu kelele yake ingemwamsha mzee. Walikuwa wanaenda Pforzheim kwa mama yake Bertha. Ni kilometa zaidi ya 100, kwa barabara za mikokoteni. Mpaka siku ile hakuna mtu aliyekuwa amefanya safari ndefu namna ile kwa gari ya moteri.

Na hapa ndipo tunafika kwenye jambo linalowahusu mashofere wetu. Mengi ya yale yaliyotokea njiani yalisimuliwa na familia yenyewe baadaye, na kila fundi akiyasikia anacheka kidogo, kwa sababu anayajua.

Kwanza waliishiwa. Ile gari haikuwa na tanki kama zetu. Karburateri ilibeba lita 4 na nusu hivi za ligroini, jamaa ya esanse, ambayo wakati ule iliuzwa katika famasi kwa kutosha madoa kwenye nguo. Walipofika Wiesloch Bertha aliingia katika famasi ya mji akanunua ligroini yote iliyopatikana. Ile famasi ingali pale, na wenyeji wanaiita stesheni ya kwanza ya esanse duniani. Ukifikiri vizuri, yule muuza dawa alifanya kazi ya kadhafi wetu wanaosimama na chupa na bidoni kando ya barabara.

Halafu moteri ikazimika na ligroini ikiwa bado imo. Hapo ndipo mama alionyesha yeye ni nani. Moteri ya esanse, ile ya 1888 na hii ya leo, inaomba vitu vitatu: esanse iliyochanganyika na hewa, cheche ya kuiwasha, na silinda inayobana vizuri. Kimoja kikikosekana, inazimika. Bertha hakuanza kufungua kila kitu. Alifuata njia ya ligroini mpaka akakuta mrija umezibwa na uchafu. Akachomoa pini ndefu ya kofia yake, akausafisha. Ikawaka.

Mbele tena ikazimika. Safari hii ligroini ilifika. Basi akafuata njia ya pili, ya umeme, akaona waya wa cheche umejisugua mpaka ganda lake likaisha na shaba inagusa chuma. Akafungua mkanda wa mpira unaoshikilia soksi yake ndefu, akaufunga pale waya ulipokuwa uchi. Ikawaka. Wazungu wanapenda kusimulia hii ya mkanda wakicheka. Mimi naona kinachofaa ni kwamba hakupoteza muda kwenye mrija mara ya pili. Alijua ugonjwa wa jana si lazima uwe wa leo.

Fundi mmoja wa hapa Nguba nilimkalia nusu siku kwa ajili ya habari hii, na namna anavyopima gari inayozimika njiani ni ile ile. Kabla ya kufungua kapo anamwuliza shofere: ilizimika namna gani? Ikiwa ilikohoa, ikavuta na kuachia, ikapoteza nguvu mlimani halafu ikafa polepole, anakwenda kwenye esanse. Ikiwa ilikufa ghafla kama taa iliyozimwa, anakwenda kwenye umeme. Ikiwa inazimika ikipata moto, na ukingoja robo saa inawaka tena kama haikuwa na kitu, anashuku bobini, au katika gari za sasa kile kipimo kidogo kinachohesabu mzunguko wa moteri, kwa sababu vitu hivyo vinapenda kukufa vikipata joto na kufufuka vikipoa. Ikiwa inazimika ukiachia tu kiongeza mwendo, kwenye njia-panda au ukipunguza kupita shimo, anatazama hewa: mrija wa hewa uliopasuka, au pale hewa inapoingilia pamejaa masizi.

Ugonjwa wa milima ya Bukavu wenyewe unajulikana. Gari inatembea vizuri mahali palipo sawa, ikifika mlimani na mzigo inazimika, ikipumzika inawaka. Mara nyingi ni filtri ya esanse iliyoziba, ama pompu iliyochoka. Mahali palipo sawa moteri inakunywa kidogo na kile kinachopita kinatosha. Mlimani inaomba nyingi na haipati. Esanse ya chupa ikiwa na maji au vumbi inaleta ugonjwa huo haraka. Maji ni mazito kuliko esanse, yanakaa chini ya tanki, na anayezoea kutembea na tanki karibu tupu anayanywesha moteri yake. Kwa gari ya mazutu ni filtri hiyo hiyo, tena na hewa inayoingia kwenye mirija. Hapo usitafute buji, haina.

Kuna mambo mawili ambayo hayaombi hata fundi. Washa kontakti bila kuwasha moteri, utege sikio upande wa tanki: gari nyingi za esanse za sasa zina pompu ya umeme inayonguruma sekunde mbili tatu. Usipoisikia, anza kwenye fuzi yake kabla ya kununua pompu mpya. Halafu shika vichwa vya batri kwa mkono uvitikise. Kichwa kilicholegea au chenye unga mweupe, na barabara zetu zinavyotikisa, kinatosha kuzima gari. Kukaza msumari mmoja ni bure. Ila ile pini ya Bertha msiige kwenye gari zenye sindano za esanse: tundu zake ni ndogo sana, ukizichoma umeziharibu. Na usifungue mrija wa esanse moteri ikiwa na moto, wala karibu na mtu anayevuta sigara.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu shofere wa taksi anapashwa kumpelekea mwenye gari pesa yake kila jioni, gari iwe ilitembea ama ililala. Akiangukia fundi anayebadilisha tu, leo bobini, kesho pompu, kesho-kutwa buji zote nne, juma linaisha, amekula deni, na kumbe ilikuwa filtri ya dola chache. Piesi iliyotiwa gari ikakataa kupona hairudishwi dukani. Nimeona mtu mzima akikaa juu ya gurudumu ndani ya garaji, ameshika kichwa, mbele yake piesi tatu mpya ambazo gari haikuziomba.

Turudi kwa mama na watoto wake, tuliwaacha barabarani.

Maji yalikuwa tabu nyingine. Moteri ile ilipozwa kwa maji yanayochemka na kupotea kama mvuke, basi kila kisima na kila kijito walisimama kujaza. Mnyororo ulilegea, mhunzi akaukaza. Na milima! Gari ilikuwa na mwendo wa namna mbili tu, na hakuna hata moja uliokuwa wa kupandia. Kwenye miinuko watoto walishuka wakasukuma, mara nyingine na mama pia. Ukisukuma taksi Nguba usione haya. Kazi hiyo ina umri sawa na gari yenyewe.

Kushuka ndiko kulikotisha zaidi. Freni ilikuwa vipande vya miti vinavyobana gurudumu, na vikaanza kuisha. Wakati wa kurudi, walipofika Bauschlott, Bertha alitafuta fundi wa viatu, akamwomba apigilie ngozi juu ya ile miti. Watu wa mambo ya gari wanasema ndiyo mwanzo wa ile nguo ya freni tunayobadilisha mpaka leo.

Hapo nikatishe kidogo, kwa sababu kuna watu wamekufa kwa kutojua. Gari ikizimika ikiwa inashuka, kwa mfano ukielekea Ruzizi, usukani unakuwa mzito na freni inakuwa ngumu, kwa kuwa msaada wote ulitoka kwenye moteri. Freni haijakufa. Ikanyage kwa nguvu zote mara moja na ushikilie. Ukiipiga-piga, ule msaada kidogo uliobaki unaisha. Usitoe ufunguo, usukani unaweza kujifunga. Weka vitesi ya chini, elekea kando, vuta freni ya mkono, halafu jiwe. Na usizime moteri kwa makusudi wakati wa kushuka ili kuchunga esanse. Esanse utakayochunga haifiki bei ya jeneza.

Jioni, giza likiingia, Bertha na watoto walifika Pforzheim, vumbi mwili mzima. Akampigia Karl telegramu kwamba wamefika. Siku tatu baadaye wakarudi Mannheim kwa njia nyingine. Kwenda na kurudi ilikuwa karibu kilometa 194. Nyumbani Bertha hakuleta habari za ushindi tu. Alileta orodha ya makosa. Inasimuliwa kwamba aliomba gari ipate vitesi nyingine kwa ajili ya milima, na Karl akaiweka. Leo, shofere akitia ya kwanza kupandisha, anatumia lile ombi.

Mwezi uliofuata gari ilipelekwa kwenye maonyesho ya München, ikapata medali ya dhahabu. Wanunuzi walianza kuja, zaidi kwa njia ya mfanyabiashara mmoja wa Ufaransa, Émile Roger. Haikuwa mara moja: mpaka mwaka 1893 zile za magurudumu matatu zilizotengenezwa zilikuwa kama 25 hivi. Lakini mwaka 1899 peke yake kampuni ilitengeneza 572, na hakuna kiwanda kingine duniani kilichoifikia.

Mwaka 1903 Karl aligombana na wakubwa wenzake akaacha uongozi wa kampuni. Familia ikahamia Ladenburg, na kule mwaka 1906 baba na Eugen wakafungua kampuni yao, baadaye Richard naye akaingia, wale wale waliosukuma. Mwaka 1926 Benz na Daimler wakaungana. Karl alifariki tarehe 4 mwezi wa 4, 1929.

Bertha akabaki miaka 15 zaidi. Aliona vita viwili vya dunia. Chuo kikuu cha Karlsruhe kilikuwa kimemheshimu Karl zamani akiwa hai. Bertha kilimpa cheo cha seneta wa heshima tarehe 3 mwezi wa 5, 1944, siku aliyotimiza miaka 95. Siku mbili baadaye, tarehe 5, akafa nyumbani kwake Ladenburg. Wakati ule mji wetu ulikuwa bado unaitwa Costermansville.

Mwaka 2008 Wajerumani walitia alama kwenye njia yote aliyopita, kwenda na kurudi, wakaiita kwa jina lake, na mtu akitaka anaweza kuifuata na gari yake mwenyewe, kutoka Mannheim, kupitia famasi ya Wiesloch, mpaka Pforzheim, halafu kurudi kupitia Bauschlott kwa fundi wa viatu.